Kuku wa Pakiti, Kabla ya Jumamosi

Alhamisi. Jua kali tangu asubuhi na upepo umekatika kabisa. Kismayu nzima inanuka mwani na moshi wa malori ya bandarini.

Shee, mume wangu, amekwenda msikitini kusali Isha pamoja na baba yake. Raya yuko chumbani. Mimi nimekaa jikoni juu ya kibao cha mbuzi ya nazi, simu mkononi, vidole bado vina mafuta. Naandika upesi kabla hawajarudi.

Nyinyi wachache mnaopita hapa mnanijua kwa cherehani. Nimewaandikia habari za madera, za mapazia, za wateja wasiotaka kupimwa kiuno. Huu ni mwaka wa tatu naandika, na sijawahi kutaja kwamba nina mtoto.

Ninaye. Anaitwa Raya, ana miaka kumi na miwili.

Amelelewa Mombasa na dada yangu Maimuna. Alikuwa na miaka miwili nilipompeleka. Nilikuwa na mimba changa, natapika mpaka nyongo, Shee yuko kazini bandarini mchana na usiku, na mji haukuwa shwari. Kila ikifika Alasiri tunafunga milango tukakaa kusikiliza. Dada Maimuna hakujaliwa mtoto. Akasema, nipe nikulelee mpaka ujifungue. Kwetu hilo si jambo geni. Watoto wangapi wamelelewa na mama zao wakubwa, na hakuna aliyewaona ajabu.

Mimba yenyewe haikukaa. Wala haikuja nyingine. Lakini Raya alikuwa ameshaanza kumwita dada yangu Mama, kisha akaanza chuo cha Kurani, kisha skuli, na mimi kila mwaka nikisema mwaka ujao.

Nimekwenda kumtazama mara nne. Kuja yeye huku, hii ni mara ya kwanza. Alishuka kwenye ndege Jumapili, mrefu kuliko nilivyomfikiria, na begi la gurudumu. Nilikuwa nimeshona dera la kumpokelea. Limembana mabegani.

Hata jina la kuniita hana. Mama ni dada yangu, hilo limeshachukuliwa. Akitaka kitu husema "samahani" kwanza, kama mtu anayeuliza njia.

Na hali chakula.

Nasema hali kweli. Jumapili tulimpikia papa mkavu kwa nazi, chakula ambacho watu hapa hukigombania, akala matonge mawili akasema ameshiba. Jumatatu asubuhi nikampa chai ya maziwa ya ngamia na mkate wa anjera. Chai aliirudisha kikombeni taratibu, akidhani sikuona. Jumanne ndizi moja. Biskuti alizokuja nazo begini zilikwisha Jumanne jioni. Nilikuta karatasi imekunjwa vizuri chini ya mto.

Na baba yake Shee hasaidii. Baba Lali ni mtu wa kisiwa cha Koyama, fundi wa mashua maisha yake yote, sasa macho yamempungua ndiyo tukamleta mjini tukae naye. Tangu Raya aingie ameamuru tule wote sinia moja, wanawake na wanaume, ili amwone mjukuu wake akila. Anakaa mbele yake, anautolea macho mkono wa mtoto kutoka kwenye wali mpaka mdomoni.

"Mchu huyu mbona hali?" anauliza kila siku, kwa lafudhi ya kwao Koyama, kwa sauti, mtoto akiwa papo hapo. "Ana kichu gani?"

Nani angekula hapo?

Jumanne usiku Raya alizungumza na dada yangu kwenye simu, chumbani, mlango umerudishwa. Sikusikia maneno. Nilisikia akivuta makamasi. Jana Dada Maimuna akanipigia mimi.

"Somoe, mtoto hali."

Nikasema atazoea.

"Siku nne mtoto hajala, unaniambia atazoea? Kuna jirani zangu wamekuja huko arusini, wanarudi na ndege ya Jumamosi. Nimeshawauliza, kiti kipo. Kesho usiku nikisikia bado hali, Jumamosi atakuja nao."

Alitakiwa akae mwezi mzima. Nilipika, nilipiga chokaa chumba, nilinunua kitanda.

Nikamwambia, "Haya, dada." Hivyo tu. Kwa dada yangu ulimi wangu ni mzito tangu nikiwa mdogo, na tangu nimpe Raya umezidi. Mtu uliyempa mwanao utaanzia wapi kubishana naye kuhusu mwanao?

Akalainika kidogo. Akasema, "Chini ya begi lake nimemtilia pakiti ya unga wa kuku. Huku ndicho chakula chake cha kila Alhamisi. Unamtia kuku kwenye mfuko na ule unga, unatikisa, unaoka, basi. Rahisi, Somoe. Hata wewe."

Hata wewe.

Nimeamka leo kabla ya adhana na maneno hayo mawili.

Pakiti ni ya rangi ya machungwa, imechorwa paja la kuku lenye ganda la dhahabu. Nyuma kuna maandishi ya Kiingereza na ya Kiarabu. Kiarabu nakisoma herufi zote bila kujua maana, na Kiingereza nilikiachia darasa la sita, skuli ya kambi ya wakimbizi Kenya, kwa hiyo nakisoma kwa kuruka ruka. Nilielewa kuku mbichi. Nilielewa mkavu. Nilielewa usigeuze. Nilielewa oveni, nyuzi mia mbili, dakika arobaini.

Ningeweza kumwita Raya anisomee. Yuko chumba cha pili, na Kiingereza anakizungumza kama maji. Nilisimama mlangoni kwake na pakiti mkononi, nikarudi. Niliona haya. Mtoto ana siku nne anamjua mama yake, ajue pia kwamba hawezi kusoma pakiti ya unga?

Oveni sina. Nani mtaani kwetu ana oveni? Tunaoka kwa moto wa juu na chini: makaa chini ya sufuria, makaa mengine juu ya kifuniko cha bati. Nimeoka mikate ya sinia hivyo tangu nina miaka tisa na sijaunguza mmoja. Lakini mkate wa sinia hauna nyuzi. Nyuzi mia mbili za makaa ni makaa mangapi? Niliweka kiganja juu ya jiko na kuanza kuvuta subhanallah, nikafika ya saba mkono ukanishinda. Nikasema hiyo basi ndiyo mia mbili. Sina hakika hata sasa.

Halafu kuku mwenyewe. Madukani kuna kuku wa barafu, laini, aliyekwisha katwa, na nadhani pakiti ile iliandikwa kwa kuku wa namna hiyo. Lakini Baba Lali hali kuku asiyemjua mchinjaji wake. Kwa hiyo nikanunua kuku tembe wa kienyeji, akamchinja mwenyewe kwa bismillahi uani, macho yake hayo hayo, na kila mtu ajuaye kuku wa kienyeji anajua kwamba dakika arobaini hazimfanyi kitu. Ni mgumu kama soli. Lazima umchemshe kwanza.

Pakiti inasema mbichi na mkavu. Wangu kachemshwa na anatiririka maji.

Nilimpangusa kipande kipande kwa kitambaa, nikimwomba Mungu kwa sauti jikoni peke yangu. Si utani. Nilisema, Mola wangu, sikuombi makubwa, nakuomba huu unga ushike. Nimeomba dua nyingi katika maisha yangu kwa mambo mazito zaidi ya haya na sikuwahi kusihi hivi. Najiona mjinga ninapoandika. Lakini nilijua tu, huu unga ukishika atakula, na akila atabaki. Usiposhika, Jumamosi nitasimama tena uwanja wa ndege nikipunga mkono.

Unga ulikuwa haba. Wenyewe walikusudia vipande vinane vikubwa, na kuku wetu hukatwa kwetu mpaka apate kila mtu, hakitupwi kitu. Mapaja, vidari, vipapatio, mgongo vipande vitatu, shingo, firigisi. Nikaongeza konzi ya unga wa ngano na chumvi, upesi, kama mwizi. Nikatia vyote kwenye mfuko wa nailoni, nikafunga mdomo, nikatikisa.

Vyote. Hapo ndipo nilipokosea, na sikujua kwamba nimekosea mpaka jua limezama.

Niliweka makaa juu, nikakaa mbele ya sufuria. Usifunue, usigeuze. Sijui kupika bila kufunua. Sisi hupika kwa pua na kwa kijiko, tunaonja, tunaongeza. Nilikaa nimeshika magoti yangu, na harufu ilipoanza kutoka ilikuwa harufu nisiyoijua, harufu ya dukani, tamu tamu, na Raya akatokeza kichwa mlangoni.

"Samahani," akasema. "Ni ule wa pakiti?"

Nikasema ndiyo.

Akavuta pumzi kwa pua, akarudi chumbani kwake. Kama alifurahi au alisikitika sikuweza kujua. Siujui uso wake, hilo ndilo linaloniua. Nyuso za wateja wangu nazijua, nikiwaonyesha kitambaa najua kabla hawajafungua mdomo. Wa mwanangu siusomi.

Nilifunua baada ya muda ambao niliona watosha. Upande wa ukutani umeungua kidogo, na jivu limeanguka kwenye vipande viwili kwa tundu la kifuniko. Lakini unga ulikuwa umeshika! Ganda la hudhurungi, gumu, likilia ukilibonyeza. Nilikaa chini nikalia kidogo, nikajifuta kwa leso, nikaanza wali.

Tulikaa baada ya Maghribi. Sinia katikati, wali, kuku juu yake, achari ya ndimu pembeni. Baba Lali mbele, Shee kulia kwake, mimi, Raya. Roho yangu juu. Shee alinitazama akanifinyia jicho, maskini, akijaribu kunipa moyo, nami nikaona jinsi alivyokunja vidole vya miguu. Naye alikuwa akiogopa.

Baba Lali akasema bismillahi, akapeleka mkono, kisha mkono ukasimama hewani.

Nikaelewa hapo hapo.

Kwa wasiojua desturi yetu: firigisi katika nyumba ni ya baba. Kuku ana firigisi moja, na haina mjadala. Akiwepo baba mkwe, mume mwenyewe haigusi. Mke huitoa kwenye chungu mapema, huiweka upande wa sinia unaomwelekea mwenyewe, na hapo ndipo heshima yote ya mpishi ilipo. Mwaka juzi mtoto wa mgeni aliila bila kujua. Baba Lali alinawa mikono, na siku tatu alikula kwa jirani. Siku tatu. Mtaa mzima ulijua.

Na mimi leo nimeitia firigisi kwenye mfuko, nikaitikisa pamoja na wenzake, nikaivika ganda. Vipande vyote sasa vina sura moja. Nilishughulika mno na unga hata nikasahau jambo ambalo mke wa siku ya kwanza hawezi kulisahau.

Baba Lali akaanza kutafuta kwa vidole. Vile vidole vyake vya fundi, vinene, vinabonyeza kipande kimoja baada ya kingine, ganda likivunjika. Mgongo. Kipapatio. Mgongo. Nilitaka ardhi ipasuke.

"Somoe," akasema. "Kichu changu ki wapi?"

Nikaangalia sinia, nikaangalia mikono ya watu.

Raya alikuwa anatafuna.

Alikuwa anatafuna polepole, shavu moja limetuna, na mkononi ana nusu iliyobaki, na ndani ya ganda la hudhurungi nikaiona ile nyama nyeusi iliyokaza. Alikuwa ameichukua mapema wakati sote tunamwangalia mzee. Aliijua kwa umbo. Aliitafuta, akaipata.

Mtoto alikuwa anakula! Baada ya siku nne, kitu cha kwanza alichokitaka mwenyewe katika nyumba hii, na ni kile.

Akaona tunamtazama. Akaacha kutafuna.

"Samahani," akasema. "Kwetu ni yangu. Mama hunipa mimi siku zote."

Nyumba ya Dada Maimuna haina mwanamume. Nani mwingine angepewa?

Baba Lali hakumtazama mtoto hata kidogo. Alinigeukia mimi.

"Hukumfunza?"

Kwa miaka kumi na minne niliyoolewa sijawahi kumjibu Baba Lali zaidi ya ndiyo baba, la baba. Namwogopa. Nimwambie nani, namwogopa kama nilivyokuwa nikimwogopa mwalimu wa chuo. Jibu la adabu lilikuwa "nisamehe baba," nami nililiona hilo jibu, lilikuwa tayari ulimini. Na nikaona mkono wa Raya unashuka kurudisha kile kipande kwenye sinia.

Nikamshika kiwiko.

"Sikumfunza, baba," nikasema. "Ningemfunza vipi? Sikuwa naye. Nilimtoa ana miaka miwili. Asiyoyajua si makosa yake, ni yangu mimi. Kula, Raya. Imalize."

Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka. Jirani lazima amesikia.

Baba Lali alinitazama muda mrefu kwa yale macho yenye ukungu. Nilisubiri anawe mikono. Nilikuwa naliona bakuli la maji, naliona jinsi atakavyolivuta, naona na siku tatu zijazo, na mtaa. Shee akasema kwa sauti ya chini, "Baba." Basi.

Mzee akapeleka mkono kwenye sinia. Akabonyeza, akaipata shingo, akaing'ata. Akatafuna ganda kwa meno yale machache.

"Kavu," akasema.

Akaendelea kula. Akamsukumia Raya paja bila kumtazama, kwa nyuma ya vidole, kama unavyomsukumia paka. Raya akalichukua. Akala paja, akala na wali, akala na kidari chenye jivu, mpaka sinia likaonyesha maua yake ya chini. Mimi sikuonja. Sijui hata huyo kuku alikuwa na ladha gani.

Dada Maimuna alipiga tulipokuwa tunanawa. Nilimpa Raya simu mkono wangu ukiwa na sabuni. Akasema, "Nimekula, Mama. Ee, ule wa pakiti. Umeungua kidogo. Nimekula na firigisi ya Babu." Kisha akasikiliza sana. Kisha akasema, "Sijui. Labda nibaki." Akanirudishia simu, na dada yangu akaniambia haya basi, atakaa, ila nisimpe tena yale maziwa.

Labda nibaki. Nililibeba hilo neno jikoni, nikaanza kusugua sufuria, nikataka kuimba.

Wanaume wakatoka kwenda msikitini. Ndipo Raya akaja akasimama mlangoni hapa, nilipo sasa. Hakusema samahani.

"Ulimwambia Babu hukuwa nami," akasema. "Kwa nini hukuwa nami?"

Nikamjibu kama nilivyowajibu nyinyi hapo juu. Mimba, kutapika, mji, milango. Maneno yote yalikuwa tayari, nimeyatumia miaka kumi, yameshakuwa laini kwa kushikwashikwa.

Akatikisa kichwa. "Hayo Mama ameshaniambia. Hayo ni ya mwaka mmoja. Na miaka iliyobaki?"

Sufuria ikanitoka ikapiga sakafu.

Nikamwambia kesho. Akauliza kesho saa ngapi. Nikasema baada ya chai. Akasema haya, akageuka akaenda, na kwa mgongo tu nikaona kwamba hatasahau.

Ya hiyo miaka iliyobaki sijawahi kumwambia mtu, hata Shee. Niiandike hapa kwanza nione kama mkono unaweza.

Usiku wa kwanza niliporudi kutoka Mombasa bila yeye, nililala. Nililala tangu Isha mpaka jua limepanda, bila ndoto, mara ya kwanza tangu nimzae. Alikuwa mtoto wa kulia. Alilia miaka miwili mfululizo, na mimi nilikuwa nikimtazama nikisikia mikono imekuwa mizito na kifua kitupu, na siku moja nilimweka chini sakafuni, nikatoka nje, nikafunga mlango, nikasimama uani hadi jirani alipokuja kuuliza nani analia. Asubuhi ile nilipoamka nyumba kimya, kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa uchungu. Ilikuwa raha. Uchungu ulikuja baadaye, na umekaa mpaka leo, lakini raha ndiyo iliyotangulia, na mama gani huyo?

Ndiyo maana sikwenda kumchukua. Mimba ilipotoka ningeweza. Mji ulipotulia ningeweza. Niliogopa atarudi, atalia, nami nitatoka tena nje na kufunga mlango. Halafu alipokuwa mkubwa wa kutolia, nikaogopa ataniangalia na kujua.

Nimelia nikiandika, simu imelowa.

Ningeweza kumdanganya. Kesho ni chai na mahamri, Ijumaa, watu wana furaha, nitamwambia nilikuwa maskini, nitamwambia Dada Maimuna alimng'ang'ania. Uongo huo wa pili angeuamini, na ungemfanya anipende mimi zaidi kuliko dada yangu. Nimeufikiria kwa dakika nzima, mnielewe, dakika nzima. Mwanamke aliyempikia mwanangu kila Alhamisi miaka kumi.

Nasikia kikohozi cha Baba Lali njiani. Wanarudi.

Nitamwambia ukweli. Baada ya chai, mlango umefungwa, nimekaa chini sawa naye. Nitamwambia na lile la usingizi, na la mlango, yote. Safari hii hakuna unga wa kunisaidia wala makaa ya kupima. Namtaka abaki mpaka natamani kumficha mtungini. Lakini akitaka kuondoka baada ya kunisikia, nitambebea begi mwenyewe mpaka uwanjani. Ndege ya Jumamosi bado ipo, na kile kiti hakijapata mtu.